Bizimu Langu na Mpaka wa Dunia

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa kituo chetu cha kupimia sumaku ya Dunia anatafuta naibu. Ni mimi au shemeji, kaka wa mke wangu. Nyumbani nimeshasema ni mimi. Mke wangu ameshawaambia majirani!

Leo mkuu katutangazia: jua limerusha wimbi la mshtuko, linakuja na upepo wake. Likifika litaugonga mpaka wa uga wa sumaku wa Dunia. Mpaka utabonyea kuja kwetu, kisha utarudi ukitikisika. Hapo mstari wa kipimo chetu utaruka. Nikauliza nani atatangaza. Akasema yeyote atakayekuwa zamu. Nimeomba zamu zote. Shemeji akaniachia zake. Mjinga.

Jumanne, 4 Machi
Nimewahi kazini. Suti, mkanda mpya, bizimu pana la chuma, kwa ajili ya picha. Nikainamia kipimo. Mstari ukaruka! Nikarudi nyuma kushangilia, ukatulia. Nikainama, ukaruka tena. Mpaka unatikisika, kama alivyosema mkuu! Nikavitangazia vituo vyote. Na redio.

Jumatano, 5 Machi
Vituo vyote vimejibu: kwao kimya. Mkuu akaja na shemeji, akaniomba niiname. Mstari ukaruka. Akanitazama kiunoni. Kibao cha mlangoni kinasema chuma ni marufuku. Nilikiandika kwa rangi mwenyewe.

"Mpaka wa Dunia haujaguswa," akasema mkuu. "Kilichosogea ni tumbo lako."

Shemeji hakucheka. Afadhali angecheka. Aibu niliyoiona, masikio yaliwaka moto. Redio ikasoma masahihisho, mke wangu akaizima.

Alhamisi, 6 Machi
Zamu yangu. Bila mkanda, suruali nimeishika kwa mkono. Mstari ukaruka, juu kuliko juzi. Mara hii sidanganyiki! Lazima shemeji kaegesha baiskeli nyuma ya ukuta ili anichezee shere. Nikatoka kumkamata. Nikazunguka jengo lote, nimeshikilia suruali. Hakuna mtu.

Niliporudi, shemeji alikuwa mbele ya kipimo. Kaniletea chakula nilichosahau nyumbani, kaukuta mstari ukiruka, keshatangaza. Kweli lilikuwa wimbi! Mkuu akapiga simu kumpongeza. Nikamsikia shemeji akimwambia tumeliona pamoja. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ijumaa, 7 Machi
Shemeji ndiye naibu. Nimemkosea, najua. Hata kumpa mkono nimeona haya. Mke wangu kasema nimfanyie kaka yake jambo la heshima.

Nimemnunulia mkanda. Bizimu lake kubwa kuliko langu. Nimemsisitiza auvae Jumatatu, kazini.