Kikundi Kisicho na Kitu

Jumatatu, 4 Machi
Barua imefika. Lile shirika la ruzuku linapanga kijiji gani kisaidiwe nini. Ijumaa linatuma mtu. Kikundi kimoja tu bonde zima kitapata mashine ya kukamua alizeti. Kimoja! Sisi tunauza mbegu kwa bei ya kutupa, kisha tunanunua dukani mafuta yaliyotoka humo humo. Ujinga mtupu. Nimemwambia mke wa mwanangu, ambaye ndiye katibu wa kikundi chetu, kwamba mashine ni yetu. Wifi yangu wa ng'ambo ya kijito na kikundi chake wasahau. Akauliza tutaipataje. Aniachie mimi! Mwenyekiti si pambo.

Jumatano, 6 Machi
Kikao. Nimewaambia wenzangu, ruzuku ni ya wenye shida, basi tuwe na shida. Mizinga kumi na miwili ya nyuki ifunikwe mabua. Mbuzi wahamie kwa jirani. Cherehani mbili, chini ya kitanda changu. Katibu akadakia kwamba barua inataka kuona "rasilimali za jamii". Ndiyo nini? Eti vitu tulivyo navyo. Si ndiyo hiyo sasa! Wanatafuta nani anavyo ili wamnyime. Nimesoma miaka minne tu, lakini mtego naujua. Katibu akaikunja barua. Ni heshima, au kachoka.

Ijumaa, 8 Machi
Mgeni kaja. Binti wa miwani, shikamoo yake nzuri. Akauliza tuna nini. Hatuna. Tunajua kufanya nini? Hatujui. Cherehani je, mifugo, ghala? Nikamwambia, mwanangu, si unatuona tulivyo. Kila neno akaandika. Raha iliyoje! Mara nyuki mpumbavu akamuuma sikio. Akauliza katoka wapi. Nikasema anapita tu, anakwenda kwa wifi yangu.

Jumamosi, 9 Machi
Wifi kaja kunisalimu. Kunisalimu, yeye! Bila kuulizwa akanieleza kwamba mgeni walimwonyesha kila kitu, hadi jembe lililovunjika mpini. Banda la kuku lenye nusu paa wameliita karakana. Nimecheka hadi nikashika mbavu. Nikamwambia, wifi, umejikaanga kwa mafuta yako mwenyewe. Akasema haya, tutaonana.

Jumanne, 19 Machi
Mashine imekwenda ng'ambo! Nilimwambia katibu kasoma barua yao vibaya. Akasoma tena. Vibaya vilevile. Shirika linaongezea watu pale walipokwisha kuanza, na sisi, "kwa maelezo ya mwenyekiti, hawana kitu wala ujuzi". Mke wa mwanangu akasema polepole, Mama, tungeonyesha mizinga tu, ingekuwa yetu. Wenzangu wote wakanitazama. Wifi naye katuma salamu: tupeleke alizeti, atatukamulia, ila zamu yetu ya mwisho. Ya mwisho! Mimi!

Ijumaa, 22 Machi
Shirika litarudi mwakani, na mashine ya kuchuja asali. Sasa nimeelewa. Wanapenda vitu! Basi watavikuta. Mizinga yetu na ya majirani. Mbuzi wa kijiji kizima. Nimeshamtumia wifi ujumbe mtamu, atuazime na ile mashine ya alizeti siku moja tu, niisimamishe uani kwangu. Katibu akauliza, je, jina la shirika lililoandikwa ubavuni kwa herufi kubwa? Nimemwagiza kopo la rangi. Mpaka sasa kasimama mlangoni, ananitazama. Watoto wa siku hizi, ukiwapa kazi ndogo tu wanaduwaa.