Unga wa "Ndiyo, Bwana Mdogo" Wapewa Jina Jipya

SANTA MELANIA, Peru, Ijumaa — Unga wa mazamora, uji mzito mtamu wa mahindi ya zambarau, uitwao "Ndiyo, Bwana Mdogo" haupo tena duniani. Hayo yametangazwa leo na Injinia Wilfredo Uceda Larrañaga, Mkurugenzi wa Kurugenzi ya Majina ya Vyakula Yenye Staha, akiwa mbele ya ukuta wenye tangazo la unga huo, unaotazamana na lango la shule ya msingi. Hotuba yake yote ni hii:

"Mheshimiwa Meya, Mheshimiwa Mke wa Meya, Mheshimiwa Padri, Mheshimiwa Kamanda wa Zimamoto, ambaye gari lake liko gereji, Mheshimiwa Malkia wa Mavuno ya Zabibu wa mwaka huu, na yule wa mwaka jana aliyekataa kurudisha taji, waheshimiwa wadau, na ninyi wengine mliosimama juani! (Makofi, hasa kutoka kivulini.)

Katika mwaka huu, ambao serikali imeupa rasmi jina la Mwaka wa Ladha na Maridhiano, kama ilivyouita uliopita Mwaka wa Uthabiti wa Kitaifa, nani atathubutu kusema nchi hii haijui kubadilisha majina? Kurugenzi yangu, kwa kuzingatia mpango mkakati, upembuzi yakinifu na safari mbili za mafunzo, moja ikiwa ya ufukweni, imejiridhisha pasi na shaka kwamba mwanamke aliyechorwa pakitini, mweusi kama masizi, midomo kama soli za viatu, mwiko mkononi, akimwinamia mtoto wa tajiri na kumwambia 'Ndiyo, bwana mdogo', anaweza, narudia, anaweza kumkwaza mtu. Mimi binafsi sijawahi kukwazika. Nimeila mazamora hiyo tangu utoto, na yaya aliyenipikia alifanana naye kabisa; tulimpenda kama mtu wa nyumbani, jina lake limenitoka.

(Doña Griselda Palma, muuza maandazi ya boga: 'Injinia, mjukuu wangu Yadira, mweusi kama mimi, hakukwazika, amenyamaza! Akijibu swali darasani, wenzake wanaimba "Ndiyo, bwana mdogo!" Tangu huu mchoro upakwe hapa hajainua mkono. Unafutwa lini?')

Hoja ya mama imepokelewa, na nampongeza mtoto kwa utulivu wake darasani.

(Don Hermógenes, kinyozi: 'Jibu swali, wewe! Umeulizwa lini!' Kicheko.)

Nitafika huko. Utafiti wetu shirikishi ulionyesha kwamba asilimia themanini na saba ya wananchi wanataka jina libadilike, na waliobaki waliuliza kama kuna unga wa bure. Ndipo wataalamu wetu, ambao hakuna hata mmoja mweusi ili kuepuka upendeleo, wakajifungia hotelini na kutoka na mageuzi yafuatayo: midomo ipungue kwa asilimia thelathini; mwiko uhamie mkono wa kulia, ishara ya maendeleo; na kuinama kubaki palepale, kwa sababu mgongo ukinyooshwa, kichwa kinatoka nje ya pakiti. Na jina jipya, mabibi na mabwana, fungueni pazia, ni 'Ndiyo, Mheshimiwa'! (Pazia linakwama. Linavutwa. Bendi inaanza kupiga, inaacha.)

(Doña Griselda: 'Mheshimiwa yupi tena?'
Don Hermógenes: 'Kwani humwoni, jirani? Si huyo hapo anayetoka jasho!' Kicheko kirefu.)

Kicheko chenu nakipokea kama ridhaa. Ama kuhusu ukuta, ukuta ni mali ya mwenye ukuta, na sisi tunashughulika na majina tu, kuta zina idara yake.

(Doña Griselda: 'Na mtoto ana idara gani?')

Basi tuseme kwa pamoja: Jina jipya! Ladha ileile! (Malkia wa mwaka jana, peke yake: 'Ileile!')

Namalizia kwa shukrani. Namshukuru mpwa wangu aliyechora pakiti hii, ambayo ndiyo pekee iliyopo na ndani yake mna mchanga, kwa hiyo tafadhali isipikwe. Nawashukuru wenye kiwanda kwa ushirikiano watakaotupa siku watakapoambiwa. Na namshukuru Mheshimiwa Waziri, ambaye akishatia saini amri ya kuunda Kurugenzi hii, ataniwezesha kuwa Mkurugenzi niliye. Asanteni sana."

Kikao cha kwanza cha Kurugenzi, cha kujadili kama iundwe, kimepangwa kufanyika Novemba 27. Doña Griselda hakungoja makofi ya mwisho. Alimwendea padri, akamwomba ngazi ya kanisa, akapewa. Akina mama wa watoto wa darasa la nne, darasa la Yadira, wataupaka ukuta chokaa Jumapili hii baada ya misa. Jumatatu saa mbili asubuhi darasa hilo lina mtihani wa kusoma kwa sauti, na Yadira ni wa kwanza kuitwa.