Jinsi Nilivyookoa Seva kwa Skafu

Jumatatu, 6 Novemba

Siku njema! Mzee Živojin amestaafu. Kiti cha mkuu wa seva ki wazi, na pamoja nacho ile ofisi ya kona yenye kipasha joto chake na mlango unaofungwa. Mimi, Tihomir, nimekaa miaka kumi na mmoja kwenye dawati lililo kati ya dirisha na korido. Shingo yangu inaujua upepo unaopita hapo.

Mkurugenzi Gvozden katuita wawili, mimi na Ljubinka. Kasema mtengenezaji wa seva zetu ametoa onyo: programu ya ndani, ile inayoamsha mashine kabla ya kitu kingine chochote, ina kasoro na inaweza kuua diski. Zote sita zisasishwe kabla ya wiki kwisha. Tatu zangu, tatu za Ljubinka. Atakayefanya vizuri zaidi, kiti chake. Lakini maziwa yasisimame! Maagizo yote ya kiwanda chetu cha maziwa yanapita kwenye seva hizo. Zikizimika asubuhi moja tu, nusu ya mkoa wa Banat inakosa mtindi, na mhusika atafute kazi kwingine.

Nimejiona tayari ofisini.

Ljubinka kaandika orodha ya hatua kumi na nne, kaibandika ukutani. Soma modeli ya seva. Linganisha na faili ya sasisho. Hamishia mashine pepe zake, zile kompyuta za programu tupu zinazoishi ndani yake, kwa seva jirani. Ipumzishe. Isasishe. Iwashe. Ikague. Zirudishe. Ndipo uende kwa nyingine. Moja moja! Nimemuuliza kama anasasisha seva au anaogesha mtoto mchanga. Kasema mtoto mchanga angalau hulia kabla hajafa maji. Nimecheka kwa dharau, ingawa sikufurahi.

Jumanne, 7 Novemba

Mpango umenijia nikiwa kwenye foleni ya burek, ile mikate ya nyama ya asubuhi. Seva zetu ni kundi moja. Mashine pepe huhama kutoka seva moja kwenda nyingine huku inafanya kazi, na anayeitumia hahisi kitu. Yaani nyumba sita, wapangaji arobaini. Je, wapangaji wangu wote nikiwahamishia kwa Ljubinka? Zangu tatu zinabaki tupu, nazisasisha zote kwa mkupuo mmoja. Zake zinajaa hadi mlangoni, hawezi kupumzisha hata moja. Akili hii inanitisha mwenyewe!

Saa tatu nimehamisha. Saa tatu na nusu Ljubinka kaja amefura. Kasema nimemjazia nyumba wageni kama slava, sikukuu ya mtakatifu wa familia, na safari hii hata chupa ya divai hawakuleta. Kasema ikianguka seva yake moja tu, mbili zilizobaki hazitabeba mzigo, na maziwa yatasimama. Nimemshauri awe mkarimu. Kakimbilia kwa mkurugenzi. Mkurugenzi yuko shambani kukagua ng'ombe hadi kesho kutwa. Hata ng'ombe wako upande wangu.

Jumatano, 8 Novemba

Siku ya ushindi, ingawa ilikuwa na dakika chache mbaya.

Saa mbili asubuhi niliingia chumba cha seva, nikaanza kupakia faili kwenye zangu tatu. Modeli sikuangalia. Seva zote nyeusi, zote zina taa za kijani, kuna nini cha kuangalia? Nikakaa kusubiri. Ndipo nikausikia. Upepo! Mlango niliuacha wazi nyuma yangu, viyoyozi vinavuma mbele, nami katikati. Mjomba wangu alikaa hivyo mara moja tu, mwaka 1987, mdomo ukaenda upande hadi Pasaka. Nikafunga mlango. Nikazima kiyoyozi cha kwanza. Cha pili hakizimiki, nikaziba tundu lake kwa skafu na maboksi ya jibini. Raha! Shangazi Desanka, anayetupikia kahawa, kaniletea kikombe, kaona skafu, kasema hatimaye kuna mtu mwenye akili humu ndani.

Baada ya nusu saa seva za Ljubinka, zilizobeba wapangaji wote arobaini, zikaanza kupiga kelele. Digrii thelathini na nane. Arobaini na moja! Nikaamuru zangu zijisasishe upesi, kabla mambo hayajaharibika. Zikakataa zote tatu: joto limezidi. Nikaamuru tena. Zikakataa tena. Nikayaona malori ya maziwa yamekwama uani, na mimi nauza mbegu za maboga kituo cha mabasi.

Ljubinka kaingia kama zimamoto. Kang'oa skafu, kafungua mlango, kawasha kiyoyozi. Kaanza kuwarudisha wapangaji wangu kwangu, wa maagizo kwanza, bila neno. Hilo ndilo lililonikera, bila neno! Saa nne malori yakatoka kama kawaida.

Kisha kasoma faili yangu. Kaniuliza, polepole, kama nilijua ni ya modeli nyingine. Ingeingia, seva zote tatu zisingeamka tena.

Nikaiokota skafu yangu sakafuni. Halafu nikaelewa. Joto ndilo lililoizuia! Na joto aliyelileta nani?

Alhamisi, 9 Novemba

Kesi mbele ya mkurugenzi. Ljubinka kaeleza yote bila kuongeza chumvi, na hilo ndilo tatizo lake. Mkurugenzi kauliza: kwa hiyo Tihomir asingeziba hewa, tungepoteza seva tatu? Ljubinka kasema ndiyo, lakini. Mkurugenzi hakungoja hiyo lakini. Kaniuliza kwa nini niliziba. Nikasema ukweli, kwa mara ya kwanza wiki hii: upepo.

Mkurugenzi huvaa fulana ya sufu hadi Juni, kwenye joto la kiangazi. Kainuka, kanishika bega. Kasema miaka ishirini anawaonya watu wa kompyuta kuhusu huo upepo, na miaka ishirini wanamcheka. Kiti ni changu! Katoa rakija, pombe kali ya plamu. Nimelia kidogo. Ljubinka hakukaa kunywa, ana seva sita za kusasisha. Naam, sita. Zangu nimemwachia yeye. Kiongozi hugawa kazi.

Ijumaa, 10 Novemba

Kamaliza saa nane mchana. Moja moja, kwa orodha yake. Hakuna aliyehisi chochote kiwandani, ndiyo maana hakuna aliyempongeza. Nimepongezwa mimi.

Jumatatu, 13 Novemba

Ofisi yangu! Kipasha joto kinawaka, shingo laini kama siagi.

Mtengenezaji ametuma sasisho jingine, la hifadhi kuu ya diski. Seva zote sita zinaitegemea hiyo moja. Ljubinka kaomba wiki mbili za maandalizi. Nimemwambia wiki mbili ni za waoga. Nitaifanya mwenyewe kesho saa tatu asubuhi, kwa mkupuo mmoja, maana sasa nina uzoefu. Hakubishana. Kaomba ruhusa ya kesho, nami nikamsainia hapo hapo. Mtu aliyeshindwa anahitaji kupumzika.

Wakati wa kutoka nimepita duka la kiwanda. Foleni hadi getini! Ljubinka alikuwa wa kwanza, kabeba paketi kumi na mbili za maziwa. Nyuma yake Shangazi Desanka na toroli zima. Nimewauliza kuna sikukuu gani. Wakatazamana. Basi, kila mtu na mambo yake. Mimi sipangi foleni. Maziwa yangu nitanunua kesho.