Banda la Kuku Lenye Baraza

Jumatatu, 6 Machi 1995

Nyumba imeezekwa! Bati linang'aa mpaka linaonekana kutoka dirisha la ofisi ya ardhi, ninapofanya ukarani. Hilo ndilo linalonitisha. Bi Kunigunda, afisa wetu wa mipango miji, amelipaka kijani bonde lote lililo chini ya soko kwenye ramani: mahali pa maji, hajengi mtu. Tangu wanunuzi binafsi wa kahawa waruhusiwe, kila mtu anataka kujenga Mbinga. Wote wamekuja kumbembeleza. Amewakatalia wote, hata yule tajiri mwenye malori. Nilikuwepo, nusura nipige makofi.

Kwa hiyo mimi sikumwomba. Nilijenga tu.

Mzee Nicholaus, baba yake Violet, mchumba wangu, anakuja Jumamosi kutoka Ngumbo. Amesema binti yake haolewi na mtu wa kupanga chumba. Lazima aione nyumba kwanza.

Jumanne, 7 Machi

Bi Kunigunda amesimama dirishani, ameuliza lile bati ni la nani. Nimesema ni banda la kuku. Langu. La muda. Akauliza kuku gani hao wanaohitaji baraza. Nikasema wa kizungu. Placidi, karani mwenzangu, alicheka mpaka akamwaga chai. Bi Kunigunda hakucheka. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi nibomoe, na akaniambia kwa upole kwamba mvua kubwa bado haijaja.



Alhamisi, 9 Machi

Imekuja. Nimeandamana na Bi Kunigunda kazini. Mvua ikinyesha yeye huvaa gamboti, hubeba kopo la chokaa, na pale maji yanapofikia hupaka alama kwenye jiwe au mti. Ndivyo alivyochora ramani yake, msimu baada ya msimu. Wasomi wengine huchora wakiwa wamekaa! Nilimshikia mwavuli kwa heshima kama nambebea padri msalaba.

Akanionyesha mlimani. Penye ngoro, yale mashimo ya kilimo ya Wamatengo yaliyopangana kama sega la nyuki, maji hutulia na kuzama taratibu. Palipofukiwa ili kujengwa nyumba mpya, maji yanateremka mbio, mekundu. Amewazungukia wenye viwanja mmoja mmoja, akiwasihi waache ukanda wa ngoro kati ya nyumba na nyumba. Wengi wamekubali. Mama huyu!

Nami nikapata wazo.

Ijumaa, 10 Machi

Nimechimba ngoro kuizunguka nyumba yangu bondeni. Mimi ni mtoto wa Liuli, kando ya ziwa, kwetu ni kasia, si jembe. Malengelenge mikono yote. Placidi, ambaye ni Mmatengo wa Namswea, akapita na kuuliza namzika nani. Nikamweleza kwamba mashimo haya humeza maji. Akasema, bwana mdogo, ngoro ni ya mteremko. Hapa maji yameshafika kwao, unataka yamezwe yaende wapi?

Wivu tu. Yeye bado amepanga chumba.

Jumamosi, 11 Machi

Mashimo yalijaa. Kisha yakaungana. Kisha yakaingia ndani kupitia mlango wa mbele, bila hodi.

Mzee Nicholaus alifika na Violet, suruali ameikunja magotini. Nilimwamkia shikamoo nikiwa juu ya meza. Akaitikia marahaba, akaangalia chura kwenye kitanda changu, akasema yeye ni mvuvi, maji anayo ya kwake. Hakupanda basi kutoka ziwani aje kuozesha binti ziwani. Hakuna harusi! Violet alikuwa analia au anacheka, sikuona vizuri kwa mvua.

Ndipo Bi Kunigunda akatokea na kopo lake. Akapaka mstari mweupe ukutani kwangu, chini kidogo ya dirisha, kwa uangalifu mkubwa. Kisha akamwonyesha mzee mji: soko kavu, shule kavu, zahanati kavu, kwa sababu bonde limeachwa lipokee maji. Mzee akavua kofia. Akasema kama mama huyu angekuwa na mtoto wa kiume, mambo yangekwisha leo hii.

Bi Kunigunda akanitetea. Alisema nina woga mwingi lakini sina ubaya. Atanipimia kiwanja mlimani, mradi nisizifukie ngoro za hapo. Mzee akakubali kwa shingo upande: nyumba ya pakavu kabla ya Krismasi, la sivyo Violet ataolewa kwingine.

Nililia. Ofisi nyingine wangenifukuza.

Jumatatu, 20 Machi

Nimeomba ruhusa, nimekuja Ngumbo kumshukuru mzee. Kiwanja cha mlimani ni kizuri, Bi Kunigunda alikipima mwenyewe. Nitamheshimu mpaka nife. Lakini kupandisha matofali kule ni adhabu!

Leo, nikitembea karibu na mdomo wa mto, nimeona eneo. Tambarare kabisa! Udongo laini kama unga, na wanasema nyasi hazikauki hata kiangazi. Halina mtu. Wenyeji wote wamebanana juu kwenye miamba, sijui kwa nini. Hawana jicho la biashara.

Nimepigilia vigingi asubuhi hii hii. Jioni viwili vilikuwa vimezama kabisa ardhini. Kesho nitaleta virefu zaidi.