Tagi ya Watu wa Mara Mojamoja

Nibaldo Retamal alikuwa anachagua parachichi, tena parachichi la kulipia, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, aliposikia wazee wawili wakibishana kuhusu tagi ya kulipia barabara kuu. Akalirudisha parachichi kwenye fungu. Mtu wa kazi yake akisikia harufu ya pesa hana haja ya chakula.

Ilikuwa Jumapili ya soko, mwanzoni mwa Septemba, na Santiago nzima ilikuwa imeanza kuwaza jambo moja tu: tarehe kumi na nane, sikukuu ya taifa, nyama, na njia ya kufika pwani.

"Mimi gari nalitoa mara nne kwa mwaka," alisema Don Evaristo, fundi viatu mstaafu, mwenye kigari cha rangi ya maziwa kilichofunikwa shuka muda mwingi kuliko kitanda chake. "Makaburini, hospitali, kwa dada yangu, na pwani. Tagi ya nini?"

"Basi nunua pasi ya siku," alisema Doña Ermelinda Poblete.

"Pasi nasahau. Mwaka jana nilisahau, nikaletewa faini na picha. Na picha yenyewe nimetoka vibaya."

"Kwani lini ulitoka vizuri?"

Doña Ermelinda alikuwa mweka hazina wa kamati ya mtaa. Ulimi wake ulikuwa mkali na mkono wake msafi, ndiyo maana kopo la biskuti lenye pesa za mtaa lilikaa chini ya kitanda chake na hakuna aliyewahi kuuliza limejaa kiasi gani.

Kuhusu barabara yenyewe niseme kidogo, maana wapo wanaodhani ilishuka kutoka mbinguni. Haina lango wala mtu wa kusalimiana naye. Ina matao ya chuma juu ya vichwa vyetu. Ukipita na tagi kiooni, kile kiboksi kinalia pip, na tao limeshakusoma. Ukipita bila tagi, linakupiga picha namba ya gari, na usiponunua pasi ndani ya siku chache, faini inakufuata mpaka mezani. Ilipojengwa walikuja vijana wenye kofia za plastiki, wakaandika namba kwa chokaa kwenye milango ya upande wetu wa jua. Nyumba kumi na moja zikabomolewa. Tukaahidiwa daraja la waenda kwa miguu. Daraja hilo hadi leo lipo salama kabisa, ndani ya hotuba. Sasa ardhi tuliyozaliwa juu yake tunaipita kwa kulipia, na wanaopita pale kila siku wanapata hesabu nafuu, na anayepita mara nne kwa mwaka kumzuru marehemu wake ndiye anayeumiza kichwa. Basi mtu kama huyo akitokea wa kumwambia neno zuri, unategemea nini?

Nibaldo alitokea.

"Samahanini wazee wangu," alisema, kofia mkononi. "Sikusudii kuingilia. Ila mnanitonesha kidonda. Mama yangu mzazi alikuwa mtu wa mara mojamoja kama nyie."

"Mtu wa nini?"

"Mara mojamoja, mama. Tagi ya kawaida imetengenezwa kwa ajili ya wakubwa wanaokwenda ofisini kila siku. Pasi ya siku ni mtego wa wasahaulifu. Nyie wa katikati mmeachwa yatima. Ndiyo maana imeletwa tagi yenu." Akatoa mfukoni kiboksi cheupe, kidogo kama sabuni ya hoteli. "Tagi ya Mara Mojamoja. Unalipa mara moja tu. Gari likilala, yenyewe inalala. Gari likiamka, nayo inaamka."

Don Evaristo alikishika kama yai. "Na inalia?"

"Twende tukaisikie."

Wakapanda kigari cha maziwa. Nibaldo akabandika kiboksi kiooni kwa mate na heshima, wakazunguka mtaa, na walipopita juu ya tuta la barabarani, kiboksi kikasema pip.

"Umesikia, mzee? Imesoma."

"Imesoma nini? Hapa hakuna tao."

"Tao lipo kule," Nibaldo alisema, akionyesha upande wa barabara kuu kwa kidevu. "Imesoma kwa mbali. Ni ya kisasa."

Na Don Evaristo, mtu aliyeshona viatu vya nusu ya mtaa na hajawahi kudanganywa kuhusu ngozi, akaamini. Ndani ya kiboksi kulikuwa na tumbo la mdoli wa Kichina, yule ukimtikisa analia. Nibaldo alikuwa amepata mzigo mzima wa midoli hiyo bila vichwa, kwa bei ya bure.

Jioni hiyo kikao kikafanyika kwenye ukumbi wa mtaa. Wakakaa upande mmoja, kwa sababu upande wa pili dhoruba ya Julai ilikuwa imebeba paa. Kopo la biskuti lilikuwa na pesa za paa hilo, zilizopatikana kwa kuuza mikate yenye soseji majira ya baridi yaliyobaki.

"Bei ya mmoja mmoja ni kubwa, sitawaficha," alisema Nibaldo. "Ila mkichukua ya mtaa mzima, magari yote tisa, nawapa kwa nusu. Roho yangu itaniuma, lakini nitalala."

Doña Ermelinda alipiga hesabu hewani kwa kidole. Pesa za paa zingekopeshwa kwa wenye magari, nao wangerudisha kidogokidogo mpaka Krismasi, kabla fundi hajaja. Hakuna ambaye angepata faini tena.

"Na zisiporudi?" aliuliza Yasna, msusi wa kwenye kona, mwanamke asiyeamini hata nywele zake mwenyewe.

"Zisiporudi," alisema Doña Ermelinda, "nitang'oa mabati ya nyumba yangu niezeke ukumbi."

"Tumesikia sote," alisema Yasna. Lakini naye akachukua kiboksi. Alikuwa na gari, na alikuwa na faini.

Nibaldo alizipokea pesa za paa kwa mikono miwili, akabusu shavu la kila mama, na akatoweka.

Sasa hapa ndipo msomaji wa nchi nyingine atauliza: mbona hakutoweka moja kwa moja, kaskazini, jangwani, siku ile ile? Ni kwamba hatujui Mchile, hata awe mwizi wa namna gani, anayeweza kwenda pwani kusherehekea kumi na nane kwa kuondoka siku nyingine isipokuwa kumi na saba mchana. Nibaldo alikodi pikapu nyekundu, akapakia mguu mzima wa kondoo, mkaa, na dumu la chicha, pombe ya zabibu, akavaa miwani ya jua, akaingia barabara ya pwani pamoja na watu wote wenye magurudumu. Baada ya kitambo kidogo foleni ikasimama. Haikusogea mbele wala nyuma. Watu wakazima injini, wakashuka, wakaanza kula empanada, sambusa zetu kubwa za nyama, juu ya boneti.

Magari kadhaa nyuma yake, kigari cha maziwa kilikuwa kinatetemeka. Injini yake Don Evaristo hakuthubutu kuizima, maana isingewaka tena mpaka Krismasi. Na kila ilipotetemeka, kiboksi kililia. Pip. Pip. Pip-pip-pip.

"Ermelinda!" Mzee alikuwa mweupe kama gari lake. "Ninalipishwa nimesimama! Tao limeshanisoma mara mia!"

Doña Ermelinda, aliyekuwa amekaa pembeni yake na sufuria ya saladi mapajani, akakibandua kiboksi, akakitikisa. Pip. Akakiweka mapajani. Kimya. Akakitikisa tena. Pip. Akachomoa pini ya nywele, akakipasua. Ndani kulikuwa na waya mwekundu, betri moja, na kitambaa chenye maandishi: nikumbatie.

Akakisoma kitambaa mara mbili, akakirudisha ndani.

"Mabati," alisema.

"Hakuna atakayekudai mabati, Ermelinda."

"Mimi ndiye nitakayejidai."

Hapo Yasna akaja akigonga vioo, amekuja kwa miguu kutoka gari lake, macho yanawaka. "Shangazi, shuka. Taratibu. Usipige kelele. Hata changu kinalia kikitikiswa tu. Pikapu nyekundu ile pale. Ile miwani. Nimwendee na mkasi?"

Doña Ermelinda alitazama. Akaona kofia, akaona mguu wa kondoo. Akapumua, akajipaka rangi ya mdomo.

"Mkasi utamtoa damu tu," alisema. "Mimi nataka paa. Nenda kawaambie wenzetu wote wakae na viboksi vyao mkononi, na wasiwe na haraka ya kuviuza."

Nibaldo alimwona akija akafikiria kukimbia, lakini utakimbilia wapi katikati ya foleni, na kondoo utamwacha kwa nani? Akashusha kioo, akavaa tabasamu.

"Mama Ermelinda! Nilikuwa njiani kuja kuwatembelea..."

"Mwanangu Nibaldo! Mungu kakuleta!" Akamshika mkono kwa mikono yote miwili. "Tusaidie. Kule mbele askari wanasimamisha kila gari. Ndiyo maana ya foleni hii. Wanatafuta viboksi vyeupe."

Tabasamu la Nibaldo lilibaki mahali pake, ila lilikuwa limekufa. "Wanavitafuta... kwa uzuri?"

"Kwa uzuri, nadhani. Wanauliza umeuziwa na nani, anaitwaje, anaishi wapi, ana sura gani. Mimi nikawaambia wenzangu: leo ndiyo siku ya kumlipa fadhila Nibaldo. Tutamtaja wote tisa, kwa majina mawili. Mtu mwema lazima ajulikane. Don Evaristo ameshafanya mazoezi ya kueleza pua yako."

"Mama, hapana. Hapana. Mimi ni mtu wa kujificha. Sipendi sifa." Akalamba midomo. "Tufanye hivi. Nirudishieni vile viboksi. Nivifanyie... nivifanyie ukaguzi."

"Tukurudishie? Na tumevilipia?"

"Nitawarudishia pesa."

"Ah, mwanangu, sisi hatuwezi kukutia hasara."

"Nitieni, mama! Nitieni!"

Pesa za paa zilikuwa chini ya kiti, bado zimefungwa na utepe wa Doña Ermelinda mwenyewe. Alizipokea bila haraka, akazitia kwenye sufuria, chini ya saladi. Viboksi vikaanza kuletwa, kimoja kimoja, kila mtu akikiaga chake kwa majonzi. Don Evaristo alileta cha kwake kimepasuka.

"Kimechoka safari," alisema. "Kinaniambia nikikumbatie."

Nibaldo hakusikia. Alikuwa anahesabu. "Vinane. Cha tisa kiko wapi?"

"Cha tisa ni changu," alisema Yasna, ameegemea mlango. "Na mimi sikiuzi."

"Dada yangu, tafadhali."

"Nakipenda. Kinaimba vizuri. Halafu afande akiniuliza nitajibu nini? Mimi uongo siwezi, nimelelewa na masista."

"Mara mbili ya bei."

"Mtu akinitaka kwa bei hiyo huwa nasikia vibaya."

"Mara tatu! Na mkaa!"

Kule mbele kukasikika honi. Foleni ilikuwa inaanza kusogea. Nibaldo akavua saa, akaiweka juu ya pesa. Yasna akaitazama saa, akaisikiliza kama inatembea, kisha akakiweka kiboksi mkononi mwake kwa upole, kama mtu anayemkabidhi mtoto.

"Kitunze," alisema.

Wakarudi garini mwao. Walipoanza kutembea, Don Evaristo akamgeukia.

"Ermelinda, sasa hebu niambie ukweli. Tagi ninunue au nisinunue?"

"Unatoka mara nne kwa mwaka. Leo ukifika, kabla hujashika glasi, unanunua pasi ya siku, nitakusimamia. Siku wanao watakapokupa wajukuu na ukaanza kuwapeleka shule kila asubuhi, tutazungumza habari ya tagi."

"Na askari je?"

"Askari gani, Evaristo? Mimi nitaonaje mbele, na urefu wangu huu?"

Askari, hata hivyo, alikuwepo. Alikuwepo mmoja tu, mwanamke, jasho linamtiririka, amesimama kando ya godoro la watu wawili lililoanguka kutoka juu ya gari la familia moja na kuziba njia. Baba alimlaumu shemeji kwa kamba, shemeji alimlaumu baba kwa fundo, na bibi yao alikuwa amekalia godoro lenyewe, anakunywa chai ya chupa. Magari yalipita upande mmoja, polepole.

Pikapu nyekundu ilipofika, askari akainua mkono.

Nibaldo alishusha kioo mwenyewe, kabla ya kuombwa. Kwenye kiti pembeni yake, viboksi vilikuwa vinalia vyote kwa pamoja.

"Afande, mimi sijamuuzia mtu kitu. Hivi nimenunua. Kwa pesa yangu. Leo hii. Mashahidi wapo."

"Nani kakuuliza habari za biashara?" alisema askari. "Una pikapu. Shuka ushike upande huo wa godoro."

Akashuka. Akashika. Godoro likapakiwa kwenye pikapu, bibi akapandishwa juu yake na chai yake, na askari akapiga ubavu wa gari kwa kiganja. Nyuma ya kigari cha maziwa kilichokuwa kinapita wakati huo, kutoka gari la Yasna mkono mmoja ulipunga kwa furaha, na saa ya kiume ilimetameta.

"Mnaenda mbali, bibi?" aliuliza Nibaldo.

"Kupita El Tabo kidogo, kule pwani. Endesha taratibu, nina mgongo." Bibi akajinyoosha, akachungulia pembeni yake, na uso wake ukang'aa. "Ah, na nyama umeleta mwenyewe! Umelelewa vizuri, mwanangu. Watoto, njooni muone: mguu mzima!"