Hezron na Asili ya Babikyu

Shemeji yangu Hezron Pinnock aliua nguruwe mmoja mara mbili: kwanza kwa kisu, kisha kwa neno la Kiingereza.

Aliendesha basi Birmingham kwa Waingereza miaka mingi, na tangu arudi huku kisiwani kwetu, St. Elizabeth, hakuna aliyepumua bila kusahihishwa. Ukitaja nyama ya kuchoma, umekwisha! "Sema babikyu! Na neno hilo limetoka wapi?" Hujui. Hata ukijua, hujui!

Siku ya nguruwe huyo, wakwe walikuja kumposa binti yake, Marvalyn. Mama wa kijana, Bi Euphemia, hakuitaka posa hiyo hata kwa dawa. Alishuka garini akinusanusa, anatafuta kasoro ya kuondoka nayo.

Marvalyn akaning'ang'ania mkono. "Mama mdogo, mzuie baba asihubiri!"

Bora angeniambia nizuie kimbunga.

"Wapo wanaosema ni Kifaransa," Hezron alikwishaanza, mikono nyuma kama gavana, "eti maana yake kutoka ndevu hadi mkia. Upuuzi! Ni neno la Wataino, wenyeji wa visiwa hivi. Kwao lilimaanisha uchaga wa vijiti juu ya moto. Mhispania akalibeba, Mwingereza akalibeba, na leo mimi nalirudisha nyumbani!"

Nikautazama huo uchaga wake. Mianzi mitupu! Imelazwa juu ya makaa, na nguruwe kajinyoosha juu yake kama mheshimiwa hotelini.

"Shemeji, hapa watu huchomea juu ya miti mibichi ya pimento, ile ya viungo. Huo ni mwanzi!"

"Dada, hiyo ni historia. Wewe kakaange samaki wako."

"Hata mtoto anajua mwanzi ukipata moto unafanya nini."

"Unafanya babikyu!" Akacheka peke yake, akawageukia wageni. "Sasa, shina la neno hili—"

PAA!

Pingili ya kwanza ya mwanzi hiyo, imepasuka. PAA! PAA! Vita! Watu chini! Mjomba wa bwana harusi akakumbatia mgomba kama mke aliyepotea. Marvalyn akamrukia Bi Euphemia, akamvuta chini ya meza, cheche zikapita pale pale kilipokuwa kichwa cha mama wa watu.

Uchaga ukakatika. Nguruwe akazama motoni, mafuta yakawaka hadi matawini. Tulipomaliza kumwaga maji, zilibaki kwato na harufu.

Hezron, uso mweusi wa masizi, nyusi hana, akainua kidole. "Kwa kweli, Wataino wao—"

"Nyamaza wewe!" nikamfokea.

Bi Euphemia alitoka chini ya meza, kofia nyuma mbele. Akamtazama Marvalyn, magoti yamechubuka, gauni la posa limeungua pindo. Nikajisemea, posa ndiyo hiyo imekwenda na nguruwe.

Akampangusa binti majivu shavuni.

"Huyu namchukua," akasema. "Tena harusi iwe upesi, kabla hajafa kwenye nyumba hii."

Hezron akatanua kifua. "Nilijua tu! Elimu yangu—"

"Binti namchukua," Bi Euphemia akamkata. "Baba mbaki naye."