Betri Nyepesi ya Gari la Katana

Jumatatu, 12 Mei 2025

Junaid kapata betri mpya! Ya lithiamu, ya magari ya mashindano. Kavuka feri kutoka Shika Adabu mpaka hapa Magogoni, Kisauni, kunionyesha tu, ameibana kwapani kama mkate. Akasema wallahi haifiki kilo tatu, na kwamba ananihurumia nikiendelea kuburura lile jiwe langu. Ananihurumia! Mbio ni Jumamosi. Mwaka jana alinipita kwa urefu wa boneti, na tangu hapo ananiita mdogo wake, ilhali nimemzidi umri.

Nikaipeleka betri yangu kwa Kyalo wa bucha kuipima. Kilo kumi na tano! Kyalo akafoka kwamba mizani yake ni ya nyama, na kwamba tindikali imemtobolea meza. Hataniuzia tena hata mifupa. Jioni nikajaribu betri ya pikipiki. Gari likakohoa mara moja, kisha kimya.

Jumanne, 13 Mei

Mke wangu Dama kaniita mbio. Ana mashine ya kutotolesha mayai, aliyoipata kwa kufulia watu nguo kule Nyali mpaka vidole vikachubuka. Akaniwekea yai sikioni. Kifaranga analia ndani! Akasema kesho au keshokutwa vifaranga wote wanatoka, na ndio mwisho wa kufua nguo za watu. Alikuwa anacheka peke yake.

Mimi nilikuwa natazama chini ya mashine. Kuna betri ya sola pale, ya kuishikilia mashine stima ikipotea. Lithiamu. Nyepesi! Muda wote huu nimelala nayo nyumba moja!

Dama alipokwenda mazoezi ya kwaya, nikazibadilisha. Yangu nikaiweka pale chini na kuifunika leso. Sijaichaji tangu wiki iliyopita, lakini betri ni betri. Na stima wiki hii haijapotea hata mara moja.

Jumatano, 14 Mei

Stima ilipotea usiku kucha. Mvua! Kisauni nzima giza. Betri yangu haikuishikilia mashine hata kidogo.

Asubuhi Dama akaweka sikio kwenye yai. Akachukua jingine. Na jingine. Mwisho akavunja moja. Kifaranga alikuwa kamili, ana manyoya, ana kucha. Baridi. Dama akamlaza chini. Akafunua leso, akauliza betri yake iko wapi. Nikamweleza habari ya uzito. Nilieleza vizuri sana, hata habari za Junaid sikuziacha. Akauliza kama nimemaliza. Nikasema ndiyo.

Akayazika mayai nyuma ya choo, mvua ikimnyeshea. Niliona aibu kubwa. Nikatoka kwenda kuifunga betri yake garini.

Alhamisi, 15 Mei

Dama kaondoka na begi lake, kaenda kwao Kaloleni. Roho inaniuma. Nyumba imepoa, hata chai sijui majani yako wapi. Gari nalo halikuwaka mpaka majirani waliposukuma. Lakini liliwaka!

Jumamosi, 17 Mei

Viti vya nyuma nilikwisha kuvitoa zamani. Alfajiri nikang'oa na cha abiria. Junaid hawezi kuwaza hilo!

Nikasukumwa mpaka kwenye mstari. Bendera ikapanda, gari likazimika. Nikapiga stata: betri ikajizima yenyewe. Wenzangu wakaenda, mimi nikabaki na tope usoni. Junaid akamaliza wa kwanza, kisha akaja kunisukuma kwa mikono yake. Akaniambia betri ile ni ya taa na vyombo vidogo, ikivutwa kwa nguvu hujifunga. Akauliza shemeji hajambo. Nikasema hajambo.

Jumatano, 21 Mei

Leo nilikwenda kumwomba Dama arudi. Kwetu Wagiriama mume haendi peke yake wala mikono mitupu. Nikamchukua baba mdogo Tsofa, na tembo la mnazi kwenye kadzama, mtungi wa wakwe. Baba mdogo alikaa juu ya gunia, pale palipokuwa na kiti, kaukumbatia mtungi, akanitukana njia nzima. Kufika, nikaegesha mteremkoni, ili liwake bila stata.

Wazee wakanywa. Baba mkwe, Mzee Tinga, akanikemea mpaka nikalia mbele za watu. Nililia kweli. Nikaapa sitagusa tena kitu cha Dama. Betri yake ilikuwa bado imo garini, lakini hakuna aliyeuliza. Mzee akamwita. Dama akaitika abee baba, akatoka, macho mekundu. Akasema atarudi. Akachukua begi!

Akafungua mlango wa gari. Akatazama gunia. Akauliza yeye akae wapi. Nikamwambia baba mdogo anabaki huku, gunia lote ni la Dama, na kwamba kiti kile peke yake kilikuwa na kilo kumi na mbili. Akafunga mlango polepole, akarudi ndani. Mzee Tinga akasema mnazi ule umeshanyweka. Nikija tena nije na mwingine, na mbuzi.

Nimerudi peke yangu. Nililia mpaka Mazeras. Kisha nikaona jambo kwenye mlima. Gari linapaa! Mlima ule sijawahi kuupanda kwa gia ya tatu tangu nilijue gari hili. Kumbe tatizo halikuwa betri, ni watu!

Maskini Junaid. Bado ana mke.